Kitufe Chenye Picha ya Jua

Alhamisi, tarehe tisa Oktoba. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, na nguo nilizoanika jioni iliyotangulia nilizikuta zimelowa kuliko nilivyoziacha. Jua lilijitokeza kidogo baada ya chai, kisha likarudi ndani kama mgeni aliyekosea mlango.

Mwalimu wetu wa darasa la jioni, la watu wazima tunaojifunza kusoma, anasema mtu akitaka kueleza jambo lililomtatiza, aanze na lile asilolitilia shaka. Siku hiyo nilikuwa na uhakika na tarehe na ukungu tu. Mengine yote niliyatilia shaka, na watu pia.

Mimi ni dobi. Nafua uani na kupiga pasi chumba cha nyuma, katika nyumba tuliyoachiwa na wazazi. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, ni cha mdogo wangu wa kiume. Haoni tangu kuzaliwa. Tunamwita Mtangazaji, kwa sababu utotoni alikuwa akikaa juu ya ukuta na kututangazia mpira wa mtaani kwa kusikia miguu na matusi tu, na mara nyingi alipatia nani kafunga. Sasa sauti hiyo ndiyo inayomlisha. Anapokea, kwa kompyuta na intaneti, simu za kampuni ya kusafirisha mizigo. Mtu anapiga kuuliza mzigo wake uko wapi, naye anamtafutia kwenye kompyuta. Sikio la kushoto linamsikiliza mteja, la kulia linaisikiliza kompyuta ikimsomea yaliyoandikwa, kwa mbio ambazo mimi nasikia kama maharage yanamwagika sakafuni.

Kazi hiyo aliitafuta miaka. Kabla ya hapo alikaa. Nataka neno hilo lieleweke: alikaa, kwenye kiti kile kile, akiulizwa kama amekula.

Nyumbani kwetu kuna sheria moja iliyo juu ya zote. Anayehamisha kitu atamke. Ukisogeza stuli unasema, "Stuli imekwenda dirishani." Ukiweka ndoo koridoni unasema, hata kama unadhani uko peke yako. Shemeji yetu, mume wa mdogo wetu wa mwisho, alipoanza kuja kuchumbia alituona wehu. Siku moja akaacha mkoba wake wa vifaa koridoni kimya kimya, Mtangazaji akaupiga teke, wakaanguka wote wawili, yeye na mkoba. Tangu hapo shemeji hutamka, ingawa kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

Huyu shemeji ni fundi wa intaneti. Septemba ikiisha, kampuni inayompa kazi ilileta programu mpya ya kuunganisha kila kilichomo ndani ya nyumba: simu, televisheni, kompyuta, hata kengele ya mlango. Programu inaviangalia vyote na kuamua kipi kipewe kasi na kipi kingoje. Hatukuulizwa. Tuliamka tukaikuta imeingia, haikugonga wala kutamka.

Shemeji akaja kumalizia usajili. Ilitakiwa mtu mmoja awe mkuu wa nyumba ndani ya programu, na kwa haki angekuwa Mtangazaji, kwa kuwa intaneti ni yake na anailipia yeye. Akaishika simu yake ili imsomee.

"Kitufe," simu ikasema. "Kitufe. Picha. Kitufe."

"Kitufe cha nini?" akaiuliza.

"Kitufe."

"Hii ni kama kuuliza njia kwa mtu anayekujibu 'njia'," Mtangazaji akasema.

Shemeji akasogea. "Hapo inataka uthibitishe wewe ni binadamu. Chagua picha zote zenye daraja."

"Madaraja nimeyavuka mengi, shemeji. Kuyachagua sijawahi."

Shemeji akacheka, akaichukua simu mkononi mwake. "Lete. Nitajiandikisha mimi kwa muda, halafu tutabadilisha."

Huo muda haukuisha. Ikawa simu ya shemeji, kule kwake mtaa wa pili, ndiyo inayoona kila kitu cha nyumba yetu. Kengele yetu ikilia, yeye anajua. Na Mtangazaji, mwenye nyumba, akitaka kugusa lolote, anasomewa kitufe, kitufe.

Ndipo simu za wateja zikaanza kukatika. Mtu yuko katikati ya neno, mara kimya. Inarudi, inakwenda, inakatika tena. Wateja wakalalamika kwamba yule mwenye sauti nzuri anawakatia. Msimamizi wake, mama mmoja mwenye subira, alimpigia na kumwambia kwamba kwao anaonekana anatoka kazini na kurudi, anatoka na kurudi, kama mtu mwenye tumbo la kuhara.

"Sijatoka kwenye kiti," Mtangazaji akamwambia.

"Mimi nakuamini. Mtambo hauniamini mimi."

Shemeji aliitwa. Alikuja, akakaa, akabonyeza, akasema kila kitu kiko sawa. Na kweli kilikuwa sawa. Alikaa mpaka chai ikaisha, hakuna simu iliyokatika. Alipoondoka tu, haikupita muda, ikakatika. Akaitwa tena, ikawa vilevile, hata alipomtuma fundi mwenzake. Mara ya tatu akasema, "Dada, hii ni pasi yako. Pasi inavuruga."

Nikaiacha pasi siku nzima. Suruali za watu zikakaa kwenye kapu zimejikunja kama majani ya kabichi, nikatukanwa na mwenye hoteli kwa mashuka yake. Simu zikakatika palepale. Nilipomwambia shemeji, akakuna shingo.

"Labda basi Mtangazaji apumzike," akasema. "Aje akae kwetu, atatunzwa. Hata hicho chumba cha mbele kitapata kazi."

Kazi gani, sikuhitaji kuuliza. Tangu mwaka jana anatafuta chumba chenye dirisha la barabarani cha kuuzia vifaa vyake. Siku hiyo nilianza kumtazama shemeji kama ninavyotazama doa ambalo mteja anasema ni la maji.

Sijisifu kwa hilo. Nilisali asubuhi na jioni. Nilisema, "Ee Mungu, kama hii ni dhana mbaya, ing'oe moyoni mwangu. Na kama si dhana, nifumbue macho." Haikung'oka. Badala yake mdogo wetu wa mwisho, tunayemwita Kitinda, alikuja kuchukua nguo zake, akaniambia kwa sauti ya chini jambo lililoiotesha mizizi.

"Dada, usimwambie nimekwambia. Mume wangu anasema kaka hayupo kazini nusu ya muda. Anaona kwenye simu yake. Imeandikwa kabisa, kompyuta ya chumba cha mbele, haipo."

"Haipo vipi, na mimi nikiwa kwenye beseni namsikia akiongea?"

"Mimi nasema alichosema."

"Na anamwambia nani mwingine?"

Kitinda akaninyang'anya mfuko wa nguo. "Dada, usimgeuze mume wangu mwizi kabla hujakosa kitu."

Basi tukafika Alhamisi hiyo. Msimamizi alikuwa amesema kwamba saa tisa alasiri atasikiliza yeye mwenyewe kazi ya Mtangazaji. Simu zikikatika tena, kiti chake atapewa mwingine, kwa kuwa wakubwa zake wamechoka na malalamiko.

Shemeji alikuja asubuhi, ukungu bado haujaondoka. "Hamjambo humu? Mkoba uko mlangoni, kushoto," akatamka. Nilisimama nyuma yake nikijifanya nakunja mashuka. Alipoikaribia kompyuta, kabla hajavuta kiti, kabla hajasema neno, kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye kitufe kimoja cha safu ya juu, akakibonyeza mara kadhaa haraka haraka. Nilikumbuka juzi pia alifanya hivyo, na siku ile ya kwanza. Baada ya hapo akapekua pekua, akasema, "Iko safi kabisa," akanywa chai, akaenda.

Haukupita muda mrefu nikamsikia Mtangazaji, "Halo? Mama, unanisikia? Halo?" Kisha kimya, kisha ngumi moja juu ya meza. Si mtu wa kupiga meza.

Nikaenda mlangoni. "Niko mlangoni," nikatamka.

"Najua. Unanuka sabuni." Alivua vipokea sauti vya masikioni. Akauliza kwa adabu ambayo iliniumiza kuliko tusi. "Dada, ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Wote wanakuja na kuondoka. Wewe ndiye unayebaki. Ulisema kazi hii inanikondesha. Ulisema napiga kelele usingizini kuhusu mizigo ya watu. Sikulaumu. Nauliza tu kama kuna waya unauchomoa."

Nilifuta mikono kwenye kanga kwanza, na najua kuchelewa kwangu alikusikia. Nilisema, "Sijachomoa waya." Akasema, "Haya." Lile haya halikuwa na mlango wala dirisha.

Nilikwenda chumba cha nyuma nikakaa kati ya makapu. Nilisali, lakini sala yangu ilikuwa fupi kwa sababu ya hasira. "Ee Mungu, nilikuomba unifumbue macho. Fumbua, ila upesi, maana saa tisa si mbali." Kisha nikajifunga kanga vizuri nikaenda kwa Kitinda.

"Mwambie mumeo aje nyumbani saa tisa. Na wewe uje."

"Ana kazi mtaa wa juu."

"Aiache."

"Dada, unamwita kama polisi."

"Polisi hawabembelezi. Mimi nimekuja kwa miguu yangu."

Walikuja kabla ya wakati. Sebuleni televisheni ilikuwa ikiongea na viti vitupu. Kitinda aliiwasha alipopita, kwa mazoea, akaiacha. Chumba cha mbele Mtangazaji alikuwa ameketi wima, shati limepigwa pasi na mimi mwenyewe, simu yake ya kawaida mezani ikiwa imefunguliwa kwa sauti kubwa. Msimamizi alikuwa ameshapiga.

"Nipo," sauti yake ikasema. "Na nani wengine wapo?"

"Dada yangu, mdogo wangu, na mume wake ambaye ni fundi," Mtangazaji akajibu.

"Ni kikao hasa. Haya, tuanze."

Shemeji akasogea. "Ngoja niangalie kwanza." Na kidole kile kikanyooka kuelekea kitufe kile.

Nilimshika kifundo cha mkono. Mikono yangu inakamua mablanketi, kwa hiyo alisimama.

"Toa mkono," nikasema.

"Dada?"

"Toa mkono hapo. Kila ukija unakibonyeza kabla hujakaa. Ukishakibonyeza, mashine inatulia. Ukiondoka, inaharibika. Mimi nimechelewa kusoma, shemeji, sijachelewa kuona. Unafanya nini hapo?"

Kitinda akasema, "Dada, jamani." Kwenye simu msimamizi alikohoa kidogo, kama mgeni aliyefika wakati wa ugomvi.

Shemeji alinitazama mimi, akatazama mkono wake, akacheka kwa mshangao. "Hiki? Hiki ni cha mwanga. Kina picha ya jua, tazama mwenyewe. Kioo cha kompyuta ya shemeji yangu ni cheusi kama tako la sufuria. Nitatengeneza vipi nisichokiona?"

"Uongo mzuri," nikasema.

"Uongo wa nini? Fundi yeyote atafanya hivyo. Hata wewe ungefanya."

"Ngoja." Mtangazaji aliinua mkono. "Shemeji, rudia. Kila ukija unaniwashia kioo?"

"Kila nikija."

"Na yule fundi mwenzako aliyekuja wiki iliyopita?"

"Atawasha. Ana macho."

"Na mimi," Mtangazaji akasema polepole, "kila mtu akiondoka nazima. Bila hata kufikiri, kama mtu anayerudishia mlango. Ndiyo sheria niliyopewa kazini. Niliruhusiwa kufanyia nyumbani kwa sababu hiyo, anwani za watu zisionwe na wapita njia na wateja wa dada. Mama, si ndivyo?"

"Ndivyo," simu ikasema.

"Basi hakuna mwenye macho aliyewahi kukaa na mashine hii ikiwa giza. Nyote mnakuja, mnawasha, mnasema iko safi."

Niliuachia mkono wa shemeji. Nilimtazama usoni nione kama anashangaa kweli au anaigiza. Alikuwa anashangaa kweli. Mungu anisamehe, nilisikitika kidogo, kwa maana nilikuwa nimeshamhukumu na kumfunga.

"Tujaribu," msimamizi akasema. "Mimi nitakuwa mteja. Nitapiga kwa ile laini ya kazi, na hii simu iliyo hapo mezani iacheni hivyo hivyo."

Mtangazaji akavaa vya masikioni, akazima kioo. Shemeji akatoa simu yake, akafungua ile programu, akainyoosha mbele yetu. Nilisogeza kidole chini ya maneno, nikasoma kwa sauti, kwa sababu nilitaka Mtangazaji asikie kutoka kinywani mwangu. "Televisheni ya sebuleni, ipo. Kengele ya mlango, ipo. Kompyuta ya chumba cha mbele, ipo."

"Karibu, nikusaidie nini?" Mtangazaji akasema kwa ile sauti yake ya kazini.

Sauti ya msimamizi ikaja mara mbili, moja kwenye simu iliyo mezani, moja ikivuja masikioni mwake. "Nataka kujua godoro langu liko wapi. Nalala chini tangu Jumapili."

"Pole sana, mama. Ni godoro la ukubwa gani?"

"La watu wawili, ingawa mmoja ameshakimbilia kwa mama yake."

Kitinda alijifunika mdomo. Waliendelea hivyo, godoro limepita wapi, limepokewa na nani, na Mtangazaji akichapa vidole juu ya vitufe na kujibu bila kukwama. Mimi sikuondoa jicho kwenye simu ya shemeji. Kisha yale maneno yakageuka mbele ya macho yangu, bila mlio wowote.

"Kompyuta ya chumba cha mbele, haipo," nikasoma.

"Halo?" Mtangazaji akasema. "Halo, mama?"

"Umenipotea," sauti ya kwenye simu iliyo mezani ikajibu. "Hapo hapo kwenye godoro."

Chini ya mstari ule kulikuwa na maandishi madogo. Shemeji alitaka kuyapita, nikamzuia, nikayasoma pia, neno kwa neno. "Kifaa kisichotumika kimewekwa kando ili nyumba yako ipate kasi zaidi."

"Kisichotumika," Mtangazaji akarudia. Mikono yake ilikuwa bado juu ya vitufe. "Na hiyo kasi yangu amepewa nani?"

Sote tulisikia sebuleni. Televisheni ilikuwa inatangaza magodoro, naapa, ingawa shemeji baadaye alisema yalikuwa makochi.

Kioo kilipowashwa, kompyuta ikarudi kuwa ipo. Kilipozimwa, baada ya muda haipo. Tulirudia mpaka msimamizi akasema inatosha. Shemeji alikuwa amekaa kitini kwa mara ya kwanza bila chai. "Inaangalia kioo," akasema, akijisemea mwenyewe. "Kioo kikiwa giza, inahesabu hakuna mtu. Mimi nilikuwa naona 'haipo', nikaamini."

"Na ukaenda kumwambia mkeo," nikasema.

"Nilimwambia. Imeandikwa, dada. Ningefanyaje?"

"Ungemuuliza mwenyewe kama yupo," Mtangazaji akasema.

Shemeji alipendekeza kioo kiwashwe, kifunikwe na kitambaa. Msimamizi akakataa palepale. Kitambaa si kufuli, akasema, na sheria ya anwani si yake ya kuivunja. Shemeji akaingia kwenye programu kutafuta pa kuondoa hiyo tabia, hakupaona. Akaipigia ofisi ya kampuni yake, mbele yetu. Alijieleza, akasikiliza, akasema "sawa" mara nyingi, akakata.

"Wanasemaje?" Kitinda akauliza.

"Wanasema programu inafanya kazi kama ilivyokusudiwa."

Nje mtu alipita na mkokoteni.

"Sikilizeni," msimamizi akasema. "Mimi nimesikia kwa masikio yangu, na nitasema hivyo. Lakini wakubwa zangu wanataka kusikia kwa wenye intaneti kwamba kosa ni la programu, si la huyu bwana. Naweza kukishikilia kiti chake mpaka Jumatatu jioni. Zaidi ya hapo sina nguvu."

Macho yote yakamwendea shemeji, hata uso wa Mtangazaji ukageukia upande wake.

"Nitajitahidi," shemeji akasema.

Moyo wangu ukarudi pale pale ulipokuwa. Akinyamaza tu, bila kufanya ubaya wowote, kazi itakwenda, mdogo wangu atarudi kwenye kukaa, na chumba cha mbele kitabaki na dirisha lake. Hahitaji kuchomoa waya. Anachohitaji ni kujitahidi.

"Kujitahidi si ahadi," nikasema.

"Dada, mimi ni kibarua pale. Hii programu nimeifunga mtaa mzima. Nikiingia ofisini kusema ni mbovu, watasema fundi ndiye mbovu. Wananipa kazi au hawanipi."

"Kwa hiyo utajitahidi kimya kimya," Mtangazaji akasema. Hakusema kwa ukali.

"Nitawaandikia."

"Wameshakujibu, shemeji. Sasa hivi. Watakujibu hivyo hivyo kwa maandishi." Alivua vya masikioni akaviweka mezani, kimoja kimoja. "Mimi asubuhi nilimshuku dada yangu aliyenilea. Nilimuuliza kama anachomoa waya. Dada, nisamehe."

"Uliuliza," nikasema. "Bora kuuliza."

"Sitaki kukushuku na wewe, shemeji. Lakini nitakushuku, maana chumba unakitaka na sisi wote tunajua. Huna dhambi kukitaka. Ila ukienda nyumbani na 'nitajitahidi', kila simu ikikatika nitakuwa nasikia mkono wako. Sitaki kuishi hivyo na mume wa mdogo wangu."

Shemeji aliinamisha kichwa. Nilimtazama Kitinda, nikijua kwamba mimi nikisema zaidi itakuwa vita vya ukoo. Yeye alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono kifuani.

"Baba watoto," akasema, "sema kitu kinachoshikika. Mimi ndiye nitakayelala na wewe usiku huu nikijua umesema nini."

"Mnanibana."

"Tunakubana. Sema."

"Jumatatu nitajaribu kwenda..."

"Bado," Mtangazaji akasema.

"Nitakwenda. Jumatatu nitakwenda ofisini."

"Na nani?"

"Na wewe."

"Na mashine yangu?"

"Na mashine yako."

"Na wakitaka kuwasha kioo ili waone?"

Shemeji aliutazama mkono wake ule niliokuwa nimeushika. Ulikuwa bado na alama. Nilimwona akipima, ofisi upande mmoja, sisi upande mwingine, na sikujua atakwenda wapi. Nilisali bila kufunga macho, kwa sababu nilitaka kuona mdomo wake. Kisha akasimama, akasogea karibu na simu iliyo mezani ili msimamizi asikie.

"Mama, uko kwenye laini?"

"Nipo. Sema."

"Mbele yako, mbele ya mke wangu na mbele ya dada, naahidi hivi. Jumatatu asubuhi nitampeleka shemeji yangu ofisini, tutakaa mbele ya mkubwa wao kioo kikiwa giza, na sitaruhusu mtu yeyote akiwashe mpaka waione programu ikimkata akiwa anafanya kazi. Na nitasema kwa kinywa changu kwamba kilichokosea ni programu, huyu mtu alikuwepo muda wote. Wakininyima kazi, wataninyima nikiwa nimeshasema."